Mzee Tangu Anaweka Mkasi Chini

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka kichwani tangu siku yangu ya kwanza katika ofisi hii. Ni sauti ya mkasi. Si ule mkasi mdogo wa kukatia kucha. Ni mkasi mkubwa wa fundi cherehani, ambao ukikata karatasi huanza kwa kukwaruza polepole, kraaa, kisha hufunga kwa kishindo kidogo, tap. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeonyeshwa meza yangu nyuma ya rafu ya vitabu, sijui hata mkoba niuweke wapi, nikasikia kraaa, tap, kutoka upande wa pili. Nikamuuliza mchoraji, ambaye meza yake inatazamana na yangu, kulikoni. Hakuinua hata kichwa.

"Hiyo? Kuna mtoto anatubu."

Mwenye mkasi huo ni mhariri mkuu wa vitabu vyetu vya watoto, na anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini na minne. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi dereva wa gari la vitabu, tunamwita Mzee Tangu, na sababu ya jina hilo nitaieleza punde, maana ndiyo sababu ya karibu kila kitu kilichowahi kutokea katika kitengo chetu.

Wasifu huu ulistahili kuandikwa na mtu aliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Waliombwa wengi, wote ghafla wakawa na shughuli. Ukaniangukia mimi, kwa kuwa ndimi ninayerithi kiti chake, meza yake na, kama anavyopenda kusema Mama Mkurugenzi, utamaduni wake. Nimeambiwa niwe mchangamfu. Ninajitahidi.

Jioni ya sherehe kila mgeni atapewa nakala ya kitabu cha mwisho kilichopita mezani kwa mzee, hadithi ya msichana na paka. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kabla chai haijapoa, lakini mwisho wake umetugombanisha: mzee na mwandishi, kisha mzee na mimi, hata ikafika mahali chai ya saa nne kila mtu anainywa kwenye kona yake. Nitakifikia. Kwanza tumsifu mzee, kama inavyotakiwa.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye cheti cha ualimu na kalamu nyekundu. Enzi hizo vitabu vya watoto vilikuwa kitengo cha walioadhibiwa: ukikosana na wakubwa, unahamishiwa chumba cha jirani na choo ukahariri hadithi za sungura. Mzee Tangu aliomba kwenda huko mwenyewe, na hapo lazima apewe haki yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuomba. Leo mfululizo wake wa vitabu vya tabia njema umefika hata shule ambazo chaki haijafika. Kama uliwahi kuwa mtoto, na uliwahi kusema uongo, kulamba sukari ya wageni au kumjibu mtu mzima, basi Mzee Tangu ameshakuhariri.

Njia yake ya kazi haifundishwi chuo chochote. Miswada inakuja kwa barua pepe kama kwingine kote, lakini yeye hasomi kwenye kompyuta. Kompyuta yake ina kitambaa cha kufuma na juu ya kitambaa ipo chupa ya chai. Ninamchapishia mswada, anausoma kwa utulivu huku akitabasamu, mpaka pale mtoto anapofanya kosa. Hapo tabasamu linaisha. Yaliyo katikati hayamhusu tena. Anafunua ukurasa wa mwisho, anachukua mkasi, na kraaa, tap, mwisho wa mwandishi unadondoka kwenye kapu la taka. Kisha anafungua kopo la biskuti.

Ndani ya kopo hilo hakuna biskuti. Kuna miisho. Imechapwa kwenye vikaratasi virefu, imefungwa mafungu mafungu kwa kufuata kosa: uongo, uvivu, ulafi, wizi, kiburi, ukaidi. Kila kikaratasi kina nafasi ya kujaza jina la mtoto, na vyote vinaanza na maneno yaliyompa mzee jina lake. Tangu siku hiyo fulani hakusema uongo tena, na wazazi wake walimpenda sana. Tangu siku hiyo fulani hakuwa mvivu tena, na wazazi wake walimpenda sana. Anapaka gundi, anabandika, anapulizia ikauke, na mtoto amekwisha kuokolewa. Nilipokuwa mgeni nilijiuliza sana kuhusu wazazi hao. Kabla ya siku hiyo walikuwa wanaishi naye vipi? Kama mpangaji?

Katika vitabu vya Mzee Tangu uovu una ratiba. Mtoto anaruhusiwa kukosea kuanzia ukurasa wa nne, na akifika kwenye pini za katikati ya kitabu lazima awe ameshaanguka kutoka juu ya kitu. Mkaidi huanguka mtini. Mwongo huanguka mtaroni. Mlafi haanguki, tumbo humfanyia kazi hiyo. Mtoto mmoja aliyezoea kuchelewa shuleni aligongwa na baiskeli, na mzee akasisitiza iongezwe sentensi kwamba mwenye baiskeli alikuwa amewahi. "Dada, mimi nimefunga watoto plasta kuliko daktari wa mifupa," mchoraji aliwahi kuniambia akichonga penseli. "Nikistaafu naomba cheti cha hospitali."

Watu wazima wa vitabu hivyo, kwa upande wao, hawakosei. Baba hurudi kazini ana muda na hekima tele. Huketi, huweka mkono begani mwa mwanawe, hunena. Mimi nimelelewa na baba, tena baba mwema, na sijawahi kuuona mkono huo begani kabla ya kuiona kandambili hewani.

Wala sitaki mtu adhani kwamba mafundisho hayo yaliishia vitabuni. Mzee Tangu aliyaishi kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Yeye ndiye aliyehariri kitabu chetu kinachopendwa sana kuhusu kupanga foleni, na yeye ndiye mtu pekee katika ghorofa hii asiyepanga foleni ya birika. Alihariri pia kile cha kutochukua vitu vya wenzako. Siku kilipotoka kiwanda cha uchapaji, mchoraji alisimama mbele ya meza ya mzee na kutazama mfuko wa shati la mzee, ambamo penseli za mchoraji zilikuwa zimepangana kama watoto kwenye gwaride.

"Mzee, hizo penseli."

"Niliazima."

"Mwaka gani, mzee?"

"Kijana, soma ukurasa wa kumi na mbili. Ule wa subira."

Halafu kuna Maswali ya Kutafakari. Ndiyo fahari yake, na ndiyo yanayoandikwa kwenye jalada la nyuma ili mwalimu anunue. Kila kitabu kinamalizika nayo. Je, mtoto huyu alifanya vizuri au vibaya? Je, ungependa kuwa kama yeye? Sijawahi kuona maswali yaliyoshiba majibu namna ile. Mtoto anachotakiwa kutafakari ni kama aandike "vibaya" kwa kalamu ya wino au ya risasi.

Mtu wa kwanza kuyachokonoa hakuwa mimi. Alikuwa mjukuu wake, aliyeletwa ofisini wakati wa likizo kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kukaa naye. Babu akamkalisha juu ya boksi la vitabu, akamsomea kimojawapo kwa ile sauti yake nzuri, na kwa kweli mzee anasoma vizuri, hata sisi tuliacha kuandika tukasikiliza. Akafika mwisho, akafunga kitabu.

"Na kesho yake, babu?"

"Kesho yake akawa mwema."

"Na keshokutwa?"

"Mwema."

"Siku zote?"

"Siku zote, mwanangu. Tangu siku hiyo."

Binti akafikiri kidogo. "Kumbe alikufa."

Mhasibu alitoka nje kwenda kucheka kwenye ngazi. Mpanga kurasa aliinama chini ya meza kana kwamba amedondosha kitu, akakaa huko. Mzee Tangu akamnunulia mjukuu wake soda, na wiki iliyofuata akaongeza kifungu kipya koponi: cha watoto wanaobishana na wakubwa.

Sifa yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilimjia kwa bahati mbaya, nami nitaisimulia ingawa sote tumeombwa tuisahau. Mwandishi mmoja alituletea hadithi ya msichana mwenye haya, asiyezungumza darasani, ambaye wakati wa mapumziko hujificha nyuma ya tangi la maji, mpaka siku moja mwenzake anakuja kukaa naye. Ndiyo hadithi yote. Mzee aliisoma kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta kosa, akalikosa, na jambo hilo lilimvuruga. Koponi hakukuwa na fungu la haya. Alikuwa bado ameshika mkasi, anawaza, wakati mhasibu alipopita na kutangaza kwamba maji yamechemka. Basi akakata, akaingiza mkono koponi bila kutazama, akabandika, akanyanyuka haraka kwenda kutokupanga foleni.

Msichana mwenye haya akatoka kiwandani na mwisho huu: Tangu siku hiyo hakuiba tena, na wazazi wake walimpenda sana.

Hakuna aliyeona. Mpanga kurasa aliyanakili maneno hayo kama unavyoitikia salamu, macho yakiwa kwingine. Mama Mkurugenzi, aliyeandika dibaji, alikisifu kitabu kwa kumjenga mtoto kupitia mifano iliyo wazi.

Walioona ni watoto wa darasa la pili. Mwalimu wao alipiga simu, nikapokea mimi. "Samahani dada yangu, naomba unisaidie. Darasa langu limegoma kwenda mapumziko. Wanataka kujua aliiba nini."

Kabla sijajibu nilisikia ghasia nyuma yake. "Mwambie ni kifutio! Ukurasa wa sita kipo mezani, wa saba hakipo!" Nikafungua kitabu. Kweli, mchoraji alikisahau. "Si kifutio, ni daftari la yule mwenzake, ndiyo maana alimfuata nyuma ya tangi!" "Mwalimu, aliiba maji!" "Maji hayaibiwi, wewe!" "Kwetu yanaibiwa!" Kisha kelele zikapungua, na mwalimu akaninong'oneza kwamba amenyoosha mkono mtoto ambaye huwa hanyooshi. Nikakisikia kisauti, chembamba, cha mtu anayesema huku akitazama meza.

"Hakuiba. Walimsingizia. Ndiyo maana haongei."

Darasa zima likanyamaza. Nami nikazidi kuibana simu sikioni. Hakuna swali letu la kutafakari, hata moja, lililowahi kunyamazisha watoto wengi hivyo kwa mara moja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kijana wa mauzo alipanda ngazi akihema kuwaambia wakubwa kwamba maduka yanaulizia "kile kitabu cha mwizi asiyejulikana". Mama Mkurugenzi alitaka nakala zote zirudishwe. Kijana wa mauzo akasimama mlangoni kama golikipa. Mzee Tangu alijifanya hamnazo. Kisha ukaja mkutano wa wachapishaji, mtu akauliza mbona kitabu hakisemi aliiba nini, na mzee wetu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, bila kupepesa macho: "Tuliacha makusudi. Mtoto lazima afikirishwe."

Makofi yalipigwa. Akarudi na ngao iliyoandikwa "Kwa Kukuza Fikra za Mtoto", akaitundika ukutani kwenye msumari ulio jirani na ule wa mkasi. Aliyehariri vitabu vyote vile dhidi ya uongo hakuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Na toleo la pili akalirekebisha. Lilisema: Tangu siku hiyo hakuwa na haya hata kidogo, na wazazi wake walimpenda sana. Lipo ghalani. Limejaa tele kwa anayelitaka.

Sasa nifike kwenye paka.

Mwalimu yule wa darasa la pili, baada ya siku ile ya simu, alianza kuandika. Alituletea hadithi moja tu. Msichana anayelelewa na shangazi yake anavunja jagi la kioo, jagi ambalo shangazi alilipenda, na anasema ni paka. Shangazi anamwamini. Paka anapewa jirani. Hakuna anayegundua, si shangazi, si mtu mwingine. Katika ukurasa wa mwisho msichana amesimama kwenye uzio wa jirani. Paka anamwona, anakuja, anajisugua mguuni mwake kama siku zote. Basi. Hapo ndipo hadithi inapoishia, na mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa nikitazama kioo cha kompyuta mpaka kikajizima chenyewe.

Mzee Tangu aliisoma akitabasamu hadi kwenye jagi. Kraaa, tap. Tangu siku hiyo hakusema uongo tena, na wazazi wake walimpenda sana.

Mwalimu alikuja mwenyewe ofisini kuona kurasa zilizopangwa, bado ana vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Alisoma amesimama. Akafika mwisho, akageuza karatasi kuangalia kama kuna kitu upande wa pili.

"Mzee, na paka?"

"Paka amefanya nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Umemwacha kwa jirani."

"Mwalimu, hiki ni kitabu cha tabia njema, si cha mifugo."

"Sawa. Na wazazi je? Ukurasa wa tano ni marehemu, huku mwisho wanampenda sana. Wamefufuka?"

Mzee akatazama ukurasa wa tano. Akachukua kalamu nyekundu, akakata "wazazi", akaandika "shangazi". "Haya. Umeridhika?"

Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema kwamba hadithi hii aliwasomea watoto wake, na kwamba yule aliyesema walimsingizia, yule asiyenyoosha mkono, alibaki darasani wenzake walipotoka, akamuuliza kama itakuwa kitabu. "Nikamwambia itakuwa. Hiki siwezi kumpelekea. Huyu mtoto atafungua mwisho, aone paka hayupo, aniulize mimi. Nirudishieni hadithi yangu."

Akaenda kwa Mama Mkurugenzi, akatoka upesi kuliko alivyoingia. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, na mkataba unampa mhariri ruhusa ya "kuboresha". Zaidi ya hayo kitabu kilishatangazwa kuwa zawadi ya wageni siku ya kumuaga mzee. Kingetoka kama kilivyoboreshwa. Kazi ya kukituma kiwandani nilipewa mimi, iwe jukumu langu la kwanza kama mrithi.

Mwalimu alipokwisha shuka ngazi nilimfuata mzee mezani kwake. Alikuwa anafuta gundi kwenye ncha za mkasi kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Mzee, mwisho wake ni mzuri."

"Ni mzuri kwako, binti. Wewe mtu mzima. Mtoto humwachi hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Na mzigo."

"Si anao tayari, mzee? Kabla hata hajafungua kitabu."

Akaweka mkasi mezani. Akavua miwani, akaipangusa kwa kitambaa kile kile cha gundi, ikawa mbaya zaidi. "Mimi niliachwa nao," akasema. "Hakuna aliyenijia kuniambia yamekwisha. Unadhani ulikuwa mchezo?"

Nikasubiri yanayofuata. Hayakufuata. Hakusema alivunja nini, wala alimsingizia nani, wala kama huyo aliyesingiziwa bado yupo hai. Alivaa miwani yake yenye ukungu, akaniuliza kama maji yamechemka.

Maneno hayo nilikwenda nayo. Nilikuwa nayo kwenye foleni ya benki, nilikuwa nayo jikoni kwa mama nikimenya vitunguu, mama akaniuliza mbona nalia kuliko vitunguu vinavyostahili. Kwa miaka yote minne niliyokaa ofisini humo nilikuwa nikilicheka lile kopo. Sasa niliona kwamba kuna mtoto mmoja tu ndani yake. Mzee alikuwa anambandikia mtoto huyo mwisho, kila siku ya kazi, kwa majina tofauti, na gundi ilikuwa haishiki.

Siku hiyo sikumcheka. Lakini sikukubaliana naye pia, na kutokubaliana kwangu sasa kulikuwa kumekomaa. Hadithi hiyo ya maneno machache ndiyo pekee aliyowahi kunisimulia bila kuimalizia, na ndiyo pekee iliyonifikirisha. Aliniachia mzigo wake na sikufa. Na yeye je? Mzigo ulimfanya nini? Ulimfanya kijana mwenye cheti cha ualimu aombe kwenda chumba cha jirani na choo, kwa watoto, wakati wenzake wote walikuwa wanakikimbia. Ulimfanya awe mtu asiyeweza kumwona mtoto analia ukurasani bila kuacha kila alichoshika. Kikaratasi cha koponi hakifanyi hivyo. Ningekuwa na ujasiri ningemwambia uso kwa uso. Nimeandika, kwa sababu wasifu wa mstaafu ni mahali pekee ambapo hawezi kunikata.

Msomaji atauliza Mama Mkurugenzi aliupitishaje wasifu huu. Aliupitisha kama anavyopitisha kila kitu kinachoanza na neno "wasifu": aliuwekea saini huku akiongea na simu.

Kwa niaba ya kitengo, tunamshukuru Mzee Tangu. Tunamshukuru kwa kukipenda chumba kisichopendwa, kwa ile sauti ya kusomea, kwa kunifundisha kwamba sentensi ya mtoto lazima itamkwe kwanza kwa mdomo ndipo iandikwe, somo ambalo alilifuata kila mahali isipokuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Mchoraji anashukuru kwa penseli, ambazo zilirudishwa jana zikiwa fupi lakini zote. Ulale hadi jua likuchome, mzee. Unywe chai bila foleni, kwa kuwa nyumbani kwako foleni ni ya mtu mmoja. Mjukuu akikuuliza kesho yake ilikuwaje, usikimbilie kumnunulia soda.

Mfuko wako wa zawadi uko chini ya kiti chako. Kuna ngao ya pili, ndogo kuliko ile ya kwanza na yenye ukweli zaidi. Kuna mkasi wako, umenolewa, kwa ajili ya ule uzio wa michongoma unaolalamikia kila mwaka. Kopo limebaki kwangu, nimetia biskuti.

Na kuna kitabu. Nakala za kwanza nilimpelekea mwalimu shuleni jana asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Moja tayari imekwenda nyumbani kwenye mkoba wa mtoto asiyenyoosha mkono. Usianze na jalada, mzee, wala dibaji. Fungua mwisho, kama ulivyozoea. Utakuta ukurasa wa maswali ni mweupe, na ukurasa ulioutangulia ni wa mwalimu, neno kwa neno, kama ulivyokuwa kabla ya mkasi. Hivyo ndivyo nilivyoutuma kiwandani, kwa saini yangu, na vitabu vyote vimekwisha kuchapwa. Paka yumo.